Kufunga jenereta kwenye Coaster ya kulala: hewa kwanza, umeme baadaye

Wanaogeuza Coaster, Hiace au Canter kuwa gari la kulala huanza na swali moja: ninunue jenereta ya ukubwa gani? Ni swali zuri, ila si la kwanza. Kuvuta waya kutoka kwenye jenereta mpaka kwenye soketi ni kazi ya nusu siku kwa fundi anayeijua. Kinacholaza watu macho wazi, na mara nyingine kuwalaza moja kwa moja, ni hewa. Mashine itapata wapi hewa ya kupoa? Joto lake litatokea wapi? Na moshi wake utaelekea wapi upepo ukigeuka saa nane usiku? Ukishayajibu hayo, mengine yote ni bolti na nyaya.

Mfano wangu hapa ni Coaster ya dizeli inayolala Tanga mjini na kutoka mwisho wa wiki kwenda Pangani, Saadani au kupanda Lushoto. Sisi wa Tanga tuna sifa yetu ya waja leo waondoka leo. Gari hili ni la wale wasiotaka kuondoka leo.

Kwanza, je, unaihitaji?

Taa, chaji za simu, feni mbili na friji ya volti 12 havihitaji jenereta. Fanya hesabu ya siku nzima: friji kama wati-saa 600, feni mbili usiku kucha 480, taa 100, simu na kompyuta 200. Jumla haifiki 1,500. Paneli mbili za sola za wati 200 kila moja juu ya paa, kwa jua letu la pwani, zinarudisha kiasi hicho, na betri nzuri ya lithiamu ya Ah 200 (ampia-saa, za volti 12) inakuvusha usiku. Hazina kelele wala moshi, na hazinywi mafuta.

Jenereta inaingia pale tu unapotaka kiyoyozi, birika la umeme, pasi, au unapofanya kazi ya mashine njiani. Kwa watu wengi wa hapa ni kiyoyozi tu, na ni kwa sababu ya miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ambapo ndani ya bodi la bati saa tisa alasiri hakukaliki. Kama shida yako ni birika, nunua jiko la gesi, umalize mambo.

Hesabu ya mzigo

Orodhesha vitu utakavyowasha kwa wakati mmoja, si vyote ulivyo navyo. Vitu vya kupasha moto hula namba ileile iliyoandikwa: birika la wati 2,000 litakula 2,000. Vitu vyenye mota huomba zaidi wakati wa kuamka. Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha uwezo wa kupoza) kikishatulia hutumia wati 900 hivi, lakini kompresa ikianza huvuta mara tatu ya hapo au zaidi kwa muda mfupi sana. Cha inveta, ambacho kompresa yake hubadili kasi, huamka taratibu, na kwa hiyo unaweza kukiendesha kwa jenereta ndogo zaidi. Bei yake ni kubwa, ila unaifidia kwenye uzito na mafuta.

Muuzaji atakutajia kVA, kipimo cha ukubwa wa jenereta. Zidisha kwa 0.8 upate kilowati: kVA 3 ni kW 2.4. Kisha muulize kama namba iliyobandikwa ubavuni ni ya kudumu au ni ile ya juu kabisa. Honda EU22i ina 22 kwenye jina lake, lakini uwezo wake wa kudumu ni wati 1,800. Hesabu zako zote zifanye kwa namba ya kudumu.

Mlima nao una kodi yake. Injini isiyo na tabo (turbo, ya kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo asilimia 16 hivi imekwenda: kW 2.4 ya Raskazone, pale ufukweni Tanga, ni kW 2 ukifika Lushoto. Bahati nzuri huko hakuna anayewasha kiyoyozi.

Msinunue kubwa kwa kujihami. Injini ya dizeli inayozunguka masaa na masaa ikiwa na mzigo mdogo, chini ya theluthi ya uwezo wake, haipati joto la kutosha kuunguza mafuta yote. Hujaa masizi, ekzosi inaanza kutema oili, na mashine inachakaa ikiwa bado changa. Kwa Coaster yenye kiyoyozi kimoja, taa na friji, kVA 3 hadi 3.5 inatosha. Kwa kiyoyozi cha inveta, shuka mpaka kVA 2.2.

Kuchagua mashine

Tanzania tunatumia volti 230 na Hz 50 (Hz ni mizunguko ya umeme kwa sekunde). Jenereta za magari ya kulala zinazotolewa kwenye magari chakavu ya Marekani, Cummins Onan zikiwa maarufu kuliko zote, nyingi ni za volti 120 na Hz 60. Zinavutia kwa sababu zimetengenezwa hasa kwa kazi hii, lakini transfoma inapandisha volti tu, haigusi Hz. Mashine ya nguzo mbili za sumaku inazunguka mara 3,600 kwa dakika ili itoe Hz 60. Ukiishusha mpaka 3,000 upate Hz 50, volti nazo zinashuka na nguvu inapungua. Tafuta iliyoandikwa 230 na 50 tangu kiwandani. Soma kibati cha namba kwa macho yako, usisomewe.

Ukikuta mashine ya mizunguko 1,500 kwa dakika, ichukue kama mfuko na chesisi vinaruhusu: ina kelele kidogo na inaishi muda mrefu, ila ni nzito.

Mafuta yafanane na ya gari. Coaster ya dizeli ipate jenereta ya dizeli, ili tenki liwe moja na usitembee na petroli mahali wanapolala watoto. Dizeli ndogo ya kVA 3 iliyo wazi ina kilo 70 hivi. Zile za boksi la kuzuia sauti zinavuka 100 kwa urahisi. Petroli ya kVA 3 ni kilo 40 hadi 50.

Sasa, jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Jenereta ya kubeba mkononi, ile yenye fremu ya bomba na tenki juu, imetengenezwa ikae mahali peupe. Inapozwa na upepo unaoizunguka pande zote. Ukiisokomeza kwenye boksi la bati chini ya gari itachemka, petroli kwenye tenki lake itapata joto, na lolote linaweza kutokea. Kama ndiyo uliyo nayo, usiifunge. Itengenezee droo ya reli nyuma ya gari, itembee ndani ikiwa imezimwa na imepoa, na ukifika kambini itoe, iweke chini mbali na gari, mita 6 au zaidi, upande unakoelekea upepo. Kwa familia inayotoka mara moja kwa mwezi, hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza bila aibu yoyote. Mwongozo uliobaki ni wa mashine iliyotengenezwa kufungwa ndani ya gari, yenye njia yake ya kuvuta hewa na njia yake ya kuitoa, na kitabu kinachosema inahitaji nafasi ya sentimita ngapi kila upande. Kitabu hicho kikitofautiana na mimi, fuata kitabu.

Mahali pa kuiweka

Mlango wa abiria wa Coaster uko kushoto. Weka jenereta kulia, nyuma ya tairi za nyuma au kati ya ekseli kama kuna nafasi, ili moshi na kelele vitokee upande ambao watu hawakai. Kabla ya kukata chochote lala chini ya gari na tochi: tenki liko wapi, mabomba ya breki yanapita wapi, ekzosi ya gari inatokea wapi, springi zinashuka mpaka wapi gari likijaa.

Uzito upige hesabu. Kilo 100 ukizining'iniza mita 1.5 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari lenye mita 3.9 kati ya ekseli mbili, zinaiongezea ekseli ya nyuma kilo 138 na kuipunguzia ya mbele kilo 38. Usukani unakuwa mwepesi, na barabara ya vumbi utaisikia. Ndiyo maana kati ya ekseli ni pazuri zaidi, na ndiyo maana tenki la maji linafaa kusogezwa mbele kufidia.

Fremu itengenezwe kwa chuma cha pembe cha mm 40 kwa 40, unene mm 4. Ifungwe kwenye chesisi kwa bolti za M10 za daraja 8.8 na nati za kujifunga zenyewe. Tundu zitobolewe kwenye ubavu wa chesisi, kamwe zisitobolewe juu wala chini, maana kingo hizo ndizo zinazobeba gari. Kuchomelea fremu moja kwa moja kwenye chesisi nisingekubali. Joto linadhoofisha chuma na ufa unaanzia hapohapo. Kama kuna kuchomelea popote kwenye gari, toa kwanza nyaya za betri, na kwenye gari lenye kompyuta chomoa kompyuta yake pia. Kati ya jenereta na fremu ziingie raba za kuzuia mtikisiko zilizokuja na mashine, si vipande vya tairi.

Chumvi ya Tanga hailali. Fremu ipakwe rangi ya zinki kabla ya rangi ya kawaida, na bolti zote zipate grisi. Anayekaa Raskazone au anayeegesha Ushongo karibu na mawimbi asitarajie bati tupu lifike masika mawili.

Boksi

Kazi ya boksi ni tatu: kuzuia moto usiingie ndani ya gari, kuzuia moshi usiingie ndani ya gari, na kupunguza sauti. Mpangilio ni huohuo. Fundi akianza kuzungumza sauti kabla ya moshi, mrudishe.

Tumia bati la chuma la mm 1.5, si mbao wala plastiki. Kuta zote zinazogusana na chumba cha watu zisiwe na tundu hata moja lisilozibwa. Pale waya zinapopita weka raba ya tundu, kisha ziba kwa silikoni inayohimili moto. Mlango wa boksi ufungukie nje tu. Ukiona mahali unaweza kupitisha karatasi, moshi umeshapita.

Ndani ya boksi weka pamba ya mawe au sponji maalumu isiyoshika moto. Sponji ya godoro, ambayo nimeiona kwenye magari kadhaa, inanyonya oili, inashika moto na kudondosha matone yanayowaka. Kelele ni bora.

Hewa iingie upande mmoja na itokee mwingine. Kwa kawaida inaingilia ubavuni kupitia wavu na kutokea chini. Hewa iliyotoka isiwe na njia ya kurudi kwenye tundu la kuingilia. Kama matundu yako karibu, weka ukuta wa bati katikati. Tundu la kuingilia lisitazame tairi, la sivyo msimu wa vuli mashine itavuta matope na kiangazi itavuta vumbi la barabara. Ukubwa wa matundu uko kwenye kitabu. Wavu nao unaziba sehemu ya tundu, kwa hiyo ongeza eneo kidogo kufidia.

Mtungi wa gesi ya kupikia na betri za gari visikae humo. Havina undugu na jenereta.

Moshi

Hapa nitakaa.

Moshi wa injini una kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo kiasi kidogo tu kinatosha kuinyima damu nafasi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Sisi tukisikia hivyo tunasema malaria, tunampa mtu dawa na kumwambia alale. Ndani ya gari la kulala huo ndio ushauri wa kuua. Watu wawili au watatu wakiumwa kichwa kwa pamoja na wakapata nafuu wakitoka nje, hiyo si malaria. Zima mashine, toa kila mtu nje, wapeleke hospitali, na mwambieni daktari kuhusu jenereta.

Bomba la ekzosi litumie vifaa vya mashine yenyewe: sailensa yake, bomba laini la chuma la kukatia mtikisiko, kisha bomba gumu. Liishie nje ya ukingo wa bodi, litokeze sentimita 2 au 3, lisiishie chini ya sakafu. Moshi unaotemwa chini ya gari unapanda kupitia kila tundu la waya, kila mpasuko wa sakafu, kila mlango. Lisitokee chini ya dirisha linalofunguka, wala tundu la friji, wala upande unaotundika turubai la kivuli. Liwe mbali na tairi, hozi za mafuta na nyaya. Panapokuwa karibu weka kinga ya bati. Lining'inizwe kwa vishikio vyenye raba ili mtikisiko usikate viungo.

Kuna fundi atakushauri uunganishe ekzosi ya jenereta na ya gari, eti bomba moja linatosha. Kataa. Injini moja ikizimwa, moshi na maji ya nyingine vinarudi ndani yake.

Ukipenda, ongeza bomba la kuchomeka kambini linalopanda ubavuni mpaka juu ya paa. Linasaidia sana palipo na magari mengine au mahema jirani. Halifungwi wakati wa safari.

Halafu upepo. Pwani yetu mchana upepo unatoka baharini kuingia bara. Usiku nchi kavu ikipoa unageuka na kutoka bara kwenda baharini. Mtu anaegesha Pangani saa kumi na moja jioni, moshi unaelekea minazini vizuri kabisa, anaridhika. Kufika usiku wa manane moshi uleule unaingia dirishani kwake. Kusi na kaskazi navyo vina mielekeo yao. Kwa sababu hiyo sheria ya kwanza ya matumizi ni fupi: jenereta haifanyi kazi watu wakiwa wamelala. Poza gari kabla ya kulala, zima, kisha feni na betri vimalize usiku.

Weka king'ora cha kaboni monoksidi ndani, karibu na vitanda, kwa urefu ambao kitabu chake kinasema. Tafuta chenye alama ya EN 50291-2, ambayo ni ya magari ya kulala na boti. Ile ya EN 50291-1 ni ya nyumba. King'ora cha moshi wa moto ni kitu kingine, hakihisi gesi hii. Angalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa nyuma, maana kihisio huchoka hata kama taa bado inawaka kijani. Kwa hapa kwetu huenda ukalazimika kuagiza. Agiza, na usiwashe mashine mpaka kifike.

Mafuta

Usikate bomba la mafuta la gari na kuweka tii, kiungo cha njia tatu. Kwenye injini za kisasa bomba hilo linaweza kuwa na presha, na njia ya kurudishia nayo si ya kuchezewa. Tenki lishushwe, lipate bomba lake la pili la kuvutia, ambalo ncha yake inaishia juu kidogo, pale panapobaki robo ya tenki. Jenereta itakosa mafuta kabla ya gari. Utakasirika kiyoyozi kikizima, lakini utafika sheli.

Tenki la petroli lisitobolewe wala kuchomelewa na mtu wa mtaani. Lile linaloonekana tupu ndilo hatari zaidi, kwa sababu limejaa mvuke.

Hozi iwe ya mafuta, imeandikwa SAE J30 R7 ubavuni, si ya maji wala ya gesi ya kupikia. Ipite mbali na ekzosi, ishikwe kwa klipu kila sentimita 30 au 40, na isisugue chuma popote. Weka chujio kabla ya pampu na koki ya kufungia karibu na tenki. Kwa dizeli, chujio la kutenganisha maji ni lazima.

Umeme

Sehemu hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Mimi naeleza ili ujue cha kukagua.

Betri ya kuwashia: waya mnene wa mm² 25 kama umbali hauzidi mita tatu, na fyuzi kubwa karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri. Waya wa hasi uende kwenye fremu ya jenereta yenyewe, kwa sababu raba za mtikisiko zinaitenga na chesisi.

Upande wa volti 230: kVA 3 gawanya kwa 230 unapata ampia 13. Breka ya 16 itaiacha mashine ielemewe siku nzima bila kuruka. Kama mashine haina breka yake, weka ya 10. Waya wa mm² 2.5 unatosha, ila uwe wa nyuzi nyingi nyembamba. Waya mgumu wa nyumba, wa ukonde mmoja, unavunjika ndani ya ganda lake kwa mtikisiko, na hutauona. Upitishwe ndani ya bomba laini la plastiki, na kila mwisho uwekewe kichwa cha kubana.

Gari likiwa nyumbani Chumbageni linachomekwa kwenye umeme wa TANESCO, njiani linatumia jenereta. Vyanzo hivi viwili visikutane hata sekunde moja. Weka chenjiova, swichi ya kuchagua chanzo, ya nafasi tatu, 1-0-2, inayokata nyaya zote mbili, laini na nyutro. Inayokata laini peke yake haifai, na sababu yake ni hii ifuatayo.

Jenereta nyingi ndogo zinakuja nyutro yake ikielea, haijaunganishwa na mwili wa mashine. Ikibaki hivyo, kikinga-mshtuko cha mA 30, kifaa kinachokata umeme unapovuja, hakina njia ya kugundua hitilafu; kitakaa kimya wakati mtu anatetemeka. Kwa hiyo nyutro inaunganishwa na arthi, lakini upande wa jenereta tu, kabla ya chenjiova. Ukihamia TANESCO, muungano huo unabaki nyuma na hauchanganyiki na wa kwao. Baadhi ya jenereta za inveta haziruhusu muungano huu, kitabu kitasema. Baada ya chenjiova kinafuata kikinga-mshtuko cha mA 30, halafu breka za kila njia.

Fremu ya jenereta, chesisi, bodi, sinki la chuma na bomba la gesi vyote viunganishwe kwa waya wa kijani na njano, wa mm² 6. Kuchimbia fimbo kwenye mchanga mkavu wa ufukweni hakukupi arthi ya maana. Kinga yako ni muungano huo pamoja na kikinga-mshtuko. Bonyeza kitufe chake cha majaribio kila mwezi.

Waya wenye plagi dume pande zote mbili, ule wa kuingiza umeme kinyumenyume kupitia soketi, usiwemo kwenye gari lako. Ukiukuta, ukate.

Majaribio kabla ya safari

Washa bila mzigo, pima: volti karibu na 230, Hz kati ya 50 na 52. Ongeza mzigo kidogo kidogo mpaka wote uwake. Hz zikishuka chini ya 48, au volti zikishuka chini ya 210, mzigo umezidi au gavana, kidhibiti kasi cha injini, inahitaji kurekebishwa. Iache saa nzima na mzigo, mlango wa boksi umefungwa, jua la mchana likiwaka. Jaribio la asubuhi ya baridi halikwambii kitu.

Halafu funga madirisha, keti ndani na king'ora chenye kioo cha namba. Kisome. Namba ikiwa si sifuri, mashine inazimwa na tundu linatafutwa. Rudia jaribio gari likiwa limegeuzwa upande mwingine wa upepo. Njia nzuri ya kutafuta tundu ni kuzima kila kitu, kumpa mtu tochi yenye mwanga mkali aimulike ndani ya boksi usiku, na wewe kuangalia kutokea chumbani.

Baada ya hapo peleka gari barabara mbovu. Kama kilomita 100 zinatosha kulegeza kilichokuwa kimelegea. Ukirudi kaza bolti zote, angalia klipu za hozi na viungo vya ekzosi. Kizimamoto cha unga wa ABC kikae mlangoni, si kando ya jenereta ambako hutaweza kukifikia.

Kwa kuwa umebadilisha muundo na uzito wa gari, zungumza na kampuni yako ya bima na upeleke gari kukaguliwa kabla ya safari ndefu. Bima isiyojua kuwa kuna jenereta ndani ina sababu ya kutokulipa.

Utunzaji

Oili ya kwanza kwenye mashine mpya inamwagwa baada ya masaa 20, kwa sababu imebeba vumbi la chuma. Baada ya hapo ni kila masaa 100 kwa nyingi ya hizi ndogo. Pima oili kila siku unapoitumia. Injini ndogo inabeba oili kidogo sana, na ikipungua nusu lita imebaki na nini?

Iwashe kila mwezi kwa saa moja ikiwa na nusu ya mzigo, hata kama gari limelala uani. Kwa ya petroli inayokaa zaidi ya mwezi, funga koki na uiache izime yenyewe, kabureta libaki tupu. Petroli iliyokaa inaacha utando unaoziba matundu madogo. Chujio la hewa lisafishwe mara kwa mara zaidi ya kitabu kinavyosema, kwa vumbi letu. Ukitoka ufukweni suuza boksi kwa nje na chini kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, mashine ikiwa imepoa, bila kulenga matundu ya hewa.

Vipuri vya kubeba: chujio la mafuta, chujio la hewa, plagi kama ni ya petroli, lita moja ya oili, fyuzi za aina zote zilizomo, klipu za hozi, na funguo za namba zinazofungua boksi bila kuazima kwa jirani.